Mapigo Yale Yale, Jibu Jipya

Moyo hutoa umeme mdogo kila unapopiga. Kipimo cha ECG huunasa umeme huo kupitia vibandiko vya kifuani, mikononi na miguuni, kisha huugeuza kuwa tarakimu, tuseme 250 kwa kila sekunde. Kuanzia hapo, kuchuja mtikisiko wa misuli na kuhesabu mapigo ni kazi ya programu. Na programu, kama chombo chochote, huzeeka.

Mfano ulio wazi ni lugha ya Python, itumiwayo sana na watafiti. Toleo lake la pili lilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Katika toleo hilo, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, desimali hutupwa. Katika toleo la tatu hubakizwa. Tuchukue mgonjwa ambaye kati ya pigo na pigo kuna tarakimu 150. Gawanya 250 kwa 150, zidisha kwa 60: ni mapigo 100 kwa dakika. Msimbo ule ule katika toleo la zamani ungetoa 60. Daktari akilinganisha majibu ya jana na ya leo angedhani moyo umeanza kwenda mbio, kumbe kilichobadilika ni programu.

Wakati mwingine kitu huondolewa kabisa. Maktaba ya SciPy, katika toleo 1.15 la Januari 2025, iliondoa amri ya cwt ya kuchambua mawimbi, na watumiaji wakaelekezwa kwenye PyWavelets. Hapo programu ya zamani husimama na kutoa ujumbe wa kosa. Usumbufu huo una heri, kwani hakuna anayedanganyika. Hatari huja baada ya marekebisho: maktaba mpya hupima mawimbi kwa namna tofauti, na kiwango kilichowekwa zamani huenda kikaruka mapigo dhaifu.

Dawa yake ni kupima kabla ya kuamini. Hazina ya MIT-BIH ina rekodi 48 za nusu saa, zenye mapigo yaliyotiwa alama na wataalamu. Programu ya zamani na mpya zipitishwe humo, na kila tofauti ielezwe. Rekodi zipakuliwe mapema: Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikadhoofika nchini.

Kwa mkazi wa Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, jibu potofu laweza kumpeleka Dar es Salaam bure, au kumbakiza nyumbani akiwa mgonjwa. Kwa hiyo mhudumu aushike mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakitofautiana na ya mashine, kipimo kirudiwe na fundi aarifiwe. Tarehe ya kusasisha programu iandikwe kwenye daftari. Mgonjwa naye atunze mchoro wenyewe, si namba peke yake, maana mchoro waweza kusomwa upya na daktari mwingine. Na penye maumivu ya kifua, kuzimia au kupumua kwa shida, aende kituoni mara moja, hata kama jibu la awali lilikuwa zuri.