Wanandoa Vijana Ng'ambo ya Tabora: Msafiri au Mkaazi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Vijana wetu wengi wa Unguja na Pemba huoa, na haupiti muda wakapangiwa kazi au wakaenda kutafuta riziki bara. Tabora ni mmoja wa miji wanayofikia. Wazazi hubaki visiwani na wasiwasi, na maswali yao hufanana: Watoto wetu wapunguze Swala mpaka lini? Wafunge kwa mwezi wa wapi? Mke analazimika kumfuata mume huko? Tumeona tuyajibu kwa pamoja, kwani yote yana mzizi mmoja: je, wanandoa hawa ni wasafiri au ni wakaazi?

Ng'ambo mbili, njia moja

Kwa mtu wa Unguja, Ng'ambo si jina geni. Kwetu ni upande wa pili wa Mji Mkongwe, ukishavuka Darajani. Tabora nako uko mtaa uitwao Ng'ambo. Baina ya Ng'ambo hizi mbili kuna bahari, kisha zaidi ya kilomita 800 za reli kutoka Dar es Salaam.

Njia hii ni kongwe. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani ya Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, ndipo Tabora ya leo, kabla ya kuendelea Ujiji. Waingereza Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857 waliwakuta Waarabu na watu wa pwani wamekwishajenga nyumba na kulima mashamba. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliweka maskani Unyanyembe na akamuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku chache.

Tuseme na upande wa pili wa historia hiyo. Uislamu ulipita njia hii, na pembe za ndovu zilipita njia hii, na binadamu waliofungwa minyororo walipita njia hii hii. Kijana wa visiwani anayefika leo Tabora akajiona yeye ndiye mstaarabu na wenyeji wake ni watu wa chini, amebeba mzigo mbaya wa zamani. Mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchamungu zaidi, si aliyezaliwa karibu na bahari.

Nia ndiyo inayoamua

Mwenyezi Mungu amemruhusu msafiri kupunguza Swala, kama ilivyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 101. Lakini ruhusa hiyo ni ya safari. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea anapofika.

Kwa hiyo aliyekwenda Tabora kwa ajira na akalipa kodi ya nyumba ya miezi sita hana njia ya kusema yeye ni msafiri. Atasali Adhuhuri rakaa nne, Alasiri rakaa nne na Isha rakaa nne, na Ijumaa itamuwajibikia. Tumetaja jambo hili kwa sababu wapo wanaopunguza Swala mwaka mzima kwa hoja kuwa "kwetu ni Unguja". Kwenu ni Unguja, ndiyo. Lakini unaishi Tabora.

Anaporudi likizo visiwani, na bado anapahesabu kuwa ndiyo kwao, safari yake inakatika anapofika na atatimiza Swala. Aliyehama moja kwa moja, asiyepahesabu tena kuwa ni kwao, amuulize mwanachuoni aeleze hali yake kwa ukamilifu.

Saa ni ile ile, jua linachelewa

Hili ni jambo la hatari na wengi hawalitambui. Saa ya ukutani Tabora haina tofauti na ya Unguja, lakini Tabora iko magharibi zaidi kwa kiasi cha digrii sita na nusu. Kila digrii moja ni dakika nne. Maana yake jua huchomoza na kuchwa Tabora takriban dakika 25 baada ya Unguja.

Sasa mfikirie mke aliyeko Ng'ambo ya Tabora, yuko peke yake mwezi wa Ramadhani, amefungulia redio ya Zanzibar kwenye simu ili apate kuliwaza moyo. Adhana ya Magharibi ikalia, naye akachukua tende. Jua kwake halijachwa! Saumu ya siku hiyo imebatilika na atailipa. Hali kadhalika Alfajiri: anayesali kwa adhana ya Unguja huenda akawa amesali kabla ya wakati kuingia, na Swala kabla ya wakati wake haisihi. Redio ya nyumbani isikilizwe kwa mawaidha, lakini Swala na futari zifuate adhana ya msikiti wa mtaani au ratiba ya Tabora yenyewe.

Kibla nacho kina tofauti. Unguja tunaelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Tabora Kibla kinapinda kiasi cha digrii 14 kutoka kaskazini kwenda mashariki. Mwenye kuhamia chumba kipya asikisie kwa mazoea ya nyumbani. Aangalie mihrabu ya msikiti ulio karibu, kisha atandike mswala wake.

Mwezi na zaka ni za mji unaoishi

Mara nyengine tangazo la kuandama kwa mwezi huwa na tofauti baina ya watu, na kijana wa visiwani hujikuta mama yake yuko katika Idi na majirani zake wamefunga. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kufunga na kufungua ni jambo la watu kwa pamoja. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema aliyehamia mji mwengine huwafuata watu wa mji huo. Basi mfunge na Waislamu wa Tabora na mle Idi pamoja nao. Baina yenu wenyewe, mume na mke msigawanyike katika nyumba moja.

Zakatulfitri nayo hutolewa pale ulipo jua linapochwa usiku wa Idi, na hupewa masikini wa hapo. Sadaka nyengine na msaada kwa wazazi unaweza kutuma visiwani upendavyo.

Haki za mke hazikubaki bandarini

Je, mke analazimika kumfuata mume? Asili katika madhehebu ya Shafi ni kuwa atamfuata, maadamu njia ni ya salama na anakopelekwa ni mahali pa salama. Iwapo aliweka sharti katika ndoa kwamba asihamishwe kwao, wanavyuoni wamekhitalifiana: Mashafi hawalioni sharti hilo kuwa linamfunga mume, na Mahanbali wanaona linamfunga, na akilivunja mke ana haki ya kuvunja ndoa. Nasaha yetu kwa wazazi ni kuwa suala hili lizungumzwe wakati wa posa, si siku ya kufunga mizigo.

Akishafuatana naye, mume atambue kilichobadilika. Visiwani haki za mke zina mashahidi wengi. Shangazi akipita huona kama jiko limewaka, na mjomba huuliza kama kuna posho. Ng'ambo ya Tabora hakuna shangazi wala mjomba. Anayeona ni Mwenyezi Mungu peke yake, na hilo limtie mume khofu zaidi, si nafasi zaidi.

Katika Suratut Talaq, aya ya 6, waume wameamrishwa kuwaweka wake mahali wanapokaa wao kwa kadiri ya uwezo wao, wala wasiwadhuru kwa kuwatia katika dhiki. Nyumba nyingi za kupanga mitaani ni za vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, na uani huwa kuna choo na bafu moja la wapangaji wote. Mke aliyezoea uwa wa kwao uliositirika hujikuta hawezi kwenda bafuni bila ya kujifunika, na mume yuko kazini tangu asubuhi. Kama uwezo upo, chumba chenye choo chake ni bora kuliko televisheni kubwa. Kama haupo, basi angalau wapatikane wapangaji wa heshima na mlango wenye kufungika vizuri.

Tena upweke nao ni dhiki. Mume anayerudi usiku, akala, akashika simu, asishangae mkewe akiomba kurudi kwao. Mtume (S.A.W.), pamoja na mzigo wa umma wote, alikuwa nyumbani akiwahudumia ahli zake.

Jirani ndiye jamaa wa ugenini

Suratun Nisaa, aya ya 36, imeusia wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi ili awape majirani, na Bibi Aisha (R.A.) alipouliza zawadi apewe jirani yupi, alijibiwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Hakuambiwa achague wa kabila lake.

Mke wa visiwani anapopika urojo au mkate wa kumimina, sahani moja ivuke ukumbi. Na kikija kibakuli cha asali ya msituni, karanga au mlenda, apokee kwa furaha hata kama roho inatamani pweza. Ajifunze kusema "mwangaluka" asubuhi. Mnyamwezi akisalimiwa kwa lugha yake hufurahi. Utani nao watauzoea, kwani Wanyamwezi ni mabingwa wake. Mzaha usio na uongo wala tusi hauna ubaya. Siku ya uchungu wa uzazi, usiku wa manane, atakayegongewa mlango ni jirani huyu. Mama yake yuko upande wa pili wa bahari.

Neno kwa wazazi visiwani

Pigeni simu, lakini msiiendeshe nyumba ya watoto wenu kwa simu. Binti akilalamika kuhusu chumvi ya mchuzi, mwambieni asubiri. Akilalamika kuhusu njaa au kipigo, msimwambie asubiri.

Hakikisheni pia ana nakala yake ya cheti cha ndoa. Zanzibar tuna Mahakama za Kadhi. Tanzania Bara mambo ya ndoa yako chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na mgogoro kwa kawaida hupitia kwanza katika baraza la usuluhishi la ndoa. Cheti kilichofungiwa sandukuni Unguja hakimsaidii aliyeko Tabora.

Mimba ya kwanza ikiingia, wengi hupenda binti arudi kujifungulia kwa mama yake. Ni mila njema iwapo mume ameridhia na daktari hakukataza safari. Akibaki huko, mama au dada na amfuate kama inawezekana, na nauli hiyo mume asiione kuwa ni hasara. Akika ya mtoto inasihi kuchinjwa huko huko, na nyama wakala majirani.

Kwa ufupi, aliyenuia kukaa ni mkaazi. Swala yake ni kamili, saa yake ni ya pale, mwezi wake ni wa pale, na jirani yake ni wa pale. Na ndoa yake iwe kamili vile vile, isiishi kwa kupunguzwa kama Swala ya msafiri.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awatilie mapenzi na huruma vijana wetu wote walio ugenini, na awarudishe kwa wazazi wao katika hali ya kheri. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.