Ni nini kinachomfungia mzee nyumbani?

Mzee anapoacha kwenda sokoni, kisha akaacha kwenda kanisani au msikitini, na mwishowe hata kwa jirani, wengi wetu husema, "Ni uzee tu." Msomaji, usiharakishe kusema hivyo. Uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, ulionyesha kwamba kuna mambo mengine yanayomfungia mzee nyumbani, na baadhi yake yanaweza kurekebishwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham walianza kazi hiyo mwaka wa 1999. Walichagua wazee 1,000 wa umri wa miaka 65 na zaidi, nusu yao weusi na nusu wazungu, wote wakiishi majumbani mwao. Kila mmoja aliulizwa: Katika wiki nne zilizopita, ulitoka katika chumba unacholala? Ulifika uani? Ulifika mtaani? Mjini? Nje ya mji? Mara ngapi? Ulikwenda peke yako, kwa mkongojo, au kwa kusaidiwa na mtu? Majibu yalipewa alama, kuanzia 0 hadi 120.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2004 yalionyesha pengo kubwa. Wazee weusi walipata wastani wa alama 57, na wazungu karibu 73. Lakini pengo hilo halikuja peke yake. Weusi na wazungu hao walitofautiana pia kwa hali ya maisha na afya. Kumbuka kwamba wazee hao walikulia chini ya sheria za ubaguzi. Ni katika jimbo hilohilo, mjini Montgomery, ambako weusi walisusia mabasi kwa zaidi ya mwaka mmoja kuanzia Desemba 1955, kwa kuchoka kulazimishwa kuwapisha wazungu viti.

Miezi 18 baadaye, watafiti waliwauliza tena wazee 905 kwa simu. Ajabu ni kwamba wazungu ndio walioelekea zaidi kupungukiwa na mwendo. Hata hivyo, hiyo si nafuu kwa weusi, kwani wao walianzia chini.

Sababu nazo hazikuwa sawa. Umri mkubwa na maradhi ya kisukari viliwapunguzia mwendo watu wa rangi zote mbili. Kwa weusi, mambo mengine yalikuwa taabu ya usafiri, maradhi ya figo, maradhi ya kusahau na maradhi ya Parkinson. Kwa wazungu yalikuwa elimu ndogo, baridi yabisi na jongo, kiharusi, kuharibika kwa mishipa ya fahamu, huzuni ya kupindukia na kukosa hamu ya chakula.

Utaona kwamba taabu ya usafiri si ugonjwa. Hakuna tembe ya kuiponya, lakini ilimpunguzia mzee mwendo kama maradhi yanavyofanya. Kisukari nacho, kisipodhibitiwa, huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Mgonjwa hufa ganzi nyayo, akaumia bila kujua, na kidonda kikachelewa kupona.

Je, wewe ufanye nini? Unapompigia simu mzazi wako, usitosheke na jibu la "sijambo." Mwulize amefika wapi mwezi huu, na alikwenda na nani. Ukisikia kwamba safari zake zinapungua, tafuta sababu. Je, magoti yanamwuma? Haoni vizuri? Anaogopa kuanguka? Amekosa nauli, au hawezi kupanda ngazi za matatu? Mpeleke kliniki apimwe sukari na macho, na nyayo zake zikaguliwe. Ikiwa tatizo ni nauli au mtu wa kumshika mkono, basi dawa hiyo imo mikononi mwa jamaa.

Baada ya wiki nne, mwulize tena.