Deptford: Karakana iliyomfunza mfalme, ikawalipa mafundi kwa kuni

Hebu fikiria: una miaka 25, umerithi nchi nzima, halafu unaenda ng'ambo kujifunza kuunda meli. Wewe ungeenda? Peter wa Urusi alienda.

Mwanzoni mwa 1698 alitua Deptford, kando ya Mto Thames, London. Hapo ndipo Mfalme Henry wa Nane alianzisha karakana ya manowari mwaka wa 1513. Peter alikuwa ametoka Uholanzi, alikoshika shoka kama seremala yeyote. Lakini mafundi wa huko walijenga kwa mazoea. Yeye alitaka kujua jinsi meli inavyochorwa kwenye karatasi kabla ya ubao wa kwanza kukatwa, na Waingereza walikuwa na ujuzi huo.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Nyumba aliyopewa, Sayes Court, yeye na mbogi yake waliiharibu vibaya. Inasimuliwa kwamba walisukumana kwa wilbaro hadi wakavuruga ua wa miti ambao mwenyewe, John Evelyn, aliutunza kwa miaka. Fidia ilipita pauni 300, na serikali ya Uingereza ndiyo ililipa.

Sasa mwangalie fundi wa karakana hiyo hiyo. Mshahara wake ulichelewa miezi na miezi. Marupurupu yake yalikuwa vipande vya mbao vilivyobaki kazini, abebe nyumbani awashe moto au auze. Pesa zikikawia, hata ubao mzima uligeuzwa "kipande". Wakubwa waliita wizi, mafundi wakasema ni haki yao. Vuta nikuvute hiyo iliendelea hadi 1801, vipande vilipofutwa na mafundi wakaongezewa pesa taslimu.

Baadaye meli zikawa kubwa, tena za chuma, nao mto pale ulikuwa unajaa matope. Karakana ilifungwa 1869. Miaka miwili baadaye paligeuka soko la ng'ombe.

Peter alirudi kwao akaijengea Urusi jeshi la majini. Leo ana sanamu Deptford.

Kwa hivyo ukiambiwa ufanye kazi bure "upate uzoefu kwanza", kumbuka hao wawili. Peter angeweza kujifunza bila mshahara kwa sababu alikuwa mfalme. Fundi alikuwa na watoto wa kulisha, kama wewe ulivyo na kodi ya nyumba. Ujuzi tafuta, hata kwa jasho. Lakini uliza pia mshahara unaingia lini.