Hati ya Kiwanja Iko kwa Nani?

Tarehe 28 Juni 1804, wahubiri sita wa Kipresbiteri katika jimbo la Kentucky, Marekani, walitia saini wosia. Aliyekuwa anakufa hakuwa mtu. Ilikuwa Presbiteri ya Springfield, baraza lao wenyewe, ambalo walikuwa wameliunda mwaka uliotangulia baada ya kukosana na sinodi yao. Waliandika kwamba baraza hilo life, na wao wabaki kuitwa Wakristo basi, bila jina jingine la kuwatenga na wenzao.

Mmoja wao, Barton Stone, alikuwa ameonja jambo hilo mapema. Agosti 1801, kanisani kwake Cane Ridge, maelfu ya watu walikusanyika kwa mkutano wa injili wa siku kadhaa. Wapresbiteri, Wamethodisti na Wabaptisti walihubiri kwa pamoja, huyu juu ya kisiki, yule juu ya mkokoteni, na umati ukahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kuuliza mhubiri ni wa kanisa gani.

Kilichofuata kinachekesha kidogo. Mwaka 1832 watu wa Stone waliungana na wafuasi wa Thomas Campbell na mwanawe Alexander, waliokuwa na ndoto hiyohiyo. Kufikia 1906, sensa ya dini ya serikali ya Marekani ililazimika kuwaorodhesha kama makundi mawili, maana walikuwa wamegombana juu ya kinanda ibadani na juu ya vyama vya umisheni. Baadaye likajitenga la tatu. Walizika dhehebu moja, wakaacha matatu.

Ndoto yenyewe haikufa. Sensa ya makanisa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu makanisa zaidi ya 44,000 yasiyo na dhehebu, yenye waumini wapatao milioni 21, kutoka milioni 12 na ushei mwaka 2010. Yamewapita Southern Baptist, ambao kwa miaka mingi wamekuwa dhehebu kubwa kuliko yote la Kiprotestanti nchini humo.

Je, kanisa lisilo na dhehebu linatofautianaje na mengine? Wengi hutazama jina lililo ukutani, na hapo ndipo hupotea. Muumini wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, anajua kwamba usharika wake uko chini ya dayosisi, dayosisi ina askofu, na mchungaji wake anaweza kuhamishwa kesho akapelekwa kwingine. Kwa Waanglikana ni vivyo hivyo. Katika kanisa lisilo na dhehebu, juu ya mchungaji na wazee wake hakuna ofisi nyingine. Wao ndio huajiri, wao ndio huachisha, na michango ya washirika haipandi kwenda makao makuu yoyote.

Jina linaweza kudanganya. Kanisa la Saddleback la California halikuwa na neno "Baptist" katika jina lake, lakini lilikuwa mwanachama wa Southern Baptist hadi 2023, lilipofukuzwa kwa kuwa na mchungaji mwanamke. Hata hivyo halikupoteza jengo, kwa sababu kwa Wabaptisti kila kanisa humiliki mali yake.

Kwa Wamethodisti mambo ni tofauti kabisa. Tangu enzi za mwanzilishi wao John Wesley katika karne ya 18, jengo la kanisa hushikiliwa kwa amana ya dhehebu zima. Washirika wanaweza kuchanga, kufyatua matofali na kuezeka kwa mikono yao, lakini wakitaka kuondoka, wanaondoka mikono mitupu. Kati ya 2019 na 2023, United Methodist ya Marekani ilipogawanyika kuhusu ndoa za jinsia moja, uliwekwa utaratibu maalumu wa kuondoka na jengo. Ilihitajika kura ya theluthi mbili ya washirika, kisha kulipa michango ya miaka miwili pamoja na sehemu ya mzigo wa pensheni za wachungaji. Makanisa zaidi ya 7,600 yalikubali kulipa. Mengi yaliingia katika dhehebu jipya la Global Methodist, mengine yakaamua kujitegemea. Anayetaka kujua kama kanisa lina dhehebu angeanza na hati ya kiwanja kabla hajafika kwenye mahubiri.

Mahubiri kwa kweli hayatamsaidia sana, kwa kuwa kanisa lisilo na dhehebu lina mafundisho kama mengine. Katika mengi, watoto wachanga hawabatizwi. Hubatizwa aliyeamini, tena kwa kuzamishwa. Mlokole wa Dodoma au Kisumu akiingia humo hatajiona mgeni. Tofauti huonekana kwenye maamuzi. John Osteen, aliyeanzisha kanisa la Lakewood huko Houston mwaka 1959 katika duka lililotelekezwa la vyakula vya mifugo, alitokea kwa Wabaptisti. Alipofariki mwaka 1999, kazi ilimwangukia mwanawe Joel, na mwaka 2005 kanisa lilihamia katika ukumbi uliokuwa wa timu ya mpira wa kikapu ya Houston Rockets. Hakukuwa na sinodi ya kuulizwa lolote kati ya hayo.

Uhuru huo una bei yake, na kanisa la Willow Creek, karibu na Chicago, limeilipa hadharani. Bill Hybels na wenzake walilianzisha mwaka 1975 katika jumba la sinema la kukodi, wakiwalenga watu waliochoshwa na kanisa. Likakua likawa la kuigwa duniani kote. Machi 2018, gazeti la Chicago Tribune lilichapisha malalamiko ya wanawake kuhusu mwenendo wake kwao. Hybels alikanusha, kisha akajiuzulu mwezi Aprili. Waliokuwa wamechunguza mapema tuhuma dhidi yake ni wazee wa kanisa aliloliasisi yeye mwenyewe, maana hapakuwa na askofu wa kupelekewa shauri. Agosti mwaka huohuo wazee wote walijiuzulu, na mwaka 2019 jopo la washauri kutoka nje likasema malalamiko yale yanaaminika. Madhehebu nayo yamefunika maovu mengi, hilo halina ubishi. Ila mlalamikaji wa kanisa huru hana hata mlango wa pili wa kubisha.

Afrika Mashariki nayo iliijua ndoto hii mapema. Africa Inland Mission, iliyofika Mombasa mwaka 1895 ikiongozwa na Peter Cameron Scott, ilikusanya wamisionari wa makanisa mbalimbali bila kuwa mali ya hata moja. Mwaka 1913 ilikuwa miongoni mwa misheni zilizokutana Kikuyu kujadili shirikisho la Waprotestanti. Mkutano ulipofungwa kwa Meza ya Bwana ya pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliwaka. Aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, na shauri likafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Waongofu wa misheni ile isiyo na dhehebu leo ni Africa Inland Church, lenye maaskofu na ofisi kuu, kubwa Kenya na lenye mizizi Usukumani nchini Tanzania.

Nairobi Chapel, kanisa jingine lisilo na dhehebu, inapita njia yake. Ilianza mwaka 1952 kwa ajili ya Waingereza, ikadhoofika walowezi walipoondoka, kisha ikafufuka katika miaka ya 1990 chini ya Oscar Muriu, ikijaa wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani. Mwaka 2005 ilijigawa kwa makusudi, na miongoni mwa makanisa yaliyotokana na hatua hiyo ni Mamlaka Hill na Mavuno. Mavuno nalo likapanda makanisa hadi Kampala na Berlin. Siku hati, mishahara na uteuzi wa wachungaji vikishikwa na ofisi moja, familia hiyo ya makanisa itafanana na kile ambacho Stone na wenzake walikiandikia wosia.