Shahada ya Fizikia na Kazi Zisizo na Jina

Aghalabu anayesomea udaktari huwa daktari, na anayesomea sheria huwa wakili. Anayesomea fizikia huwa nani? Katika kurasa za matangazo ya kazi nchini Kenya, ni nadra kuona nafasi ya "mwanafizikia". Ndipo ikazuka dhana kwamba mhitimu wa fizikia ana njia mbili tu: ashike chaki au arandarande mjini na bahasha ya vyeti. Makala haya yanaeleza kwamba kazi zipo, ila zimejificha nyuma ya majina mengine, na nyingi zina mlango wa pili ambao shahada peke yake haiufungui.

Tuanze na ualimu, kwa kuwa ndio unaojulikana zaidi. Mwenye shahada ya elimu katika sayansi huweza kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, moja kwa moja. Mwenye shahada ya sayansi tupu hulazimika kwanza kusomea stashahada ya uzamili katika elimu. Uhandisi nao una ukuta mrefu zaidi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, anayetaka kusajiliwa kuwa mhandisi sharti awe na shahada ya uhandisi iliyoidhinishwa, hata kama mwanafizikia anazijua hesabu zile zile. Inasikitisha kwamba wapo wanaoyagundua haya baada ya mahafali, wakati karo imekwisha na wazazi wanangoja matunda.

Nje ya darasa, mfano ulio wazi ni Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa mvuke wa ardhini umezalishwa tangu mwaka 1981. Kuchimba kisima kimoja huko hugharimu mamilioni ya fedha, na ardhi haisemi mvuke uko wapi. Mwanajiofizikia huiuliza kwa kupima jinsi miamba inavyopitisha umeme. Maji moto yakipita katika miamba kwa karne nyingi, huigeuza baadhi yake kuwa udongo wa mfinyanzi unaopitisha umeme kwa urahisi. Vipimo vinavyochukuliwa juu ya ardhi huonyesha mahali udongo huo ulipotanda kama kifuniko cha chungu, na mitambo ya kuchimba hupelekwa huko. Kazi hii hufanywa katika KenGen na katika Kampuni ya Ustawishaji wa Nishati ya Mvuke, GDC, iliyoanzishwa mwaka 2008.

Mfano wa pili ni hospitalini, katika matibabu ya saratani. Daktari huamua kiasi cha mionzi anachohitaji mgonjwa. Mwanafizikia wa tiba huhakikisha kwamba mashine inatoa kiasi hicho, mahali hapo, bila kuzidi wala kupungua. Chukua mashine ya kobalti-60. Nguvu ya kobalti hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na ushei. Mgonjwa ambaye angelala chini ya mashine mpya kwa dakika moja, baada ya muda huo atahitaji dakika mbili ili apate kiasi kile kile. Hesabu hii ikikosewa, uvimbe hautibiki au nyama nzima huungua. Taaluma hii huhitaji shahada ya uzamili na mafunzo ya vitendo.

Zipo nyingine. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, hutunza vipimo sanifu vya taifa, ambavyo mizani ya sokoni hutegemea hatimaye. Idara ya Hali ya Hewa, Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na Shirika la Anga za Juu, lililoshuhudia setilaiti ya Taifa-1 ikirushwa kutoka Marekani Aprili 2023, zote zina kazi zinazohitaji fizikia. Benki na makampuni ya bima nayo huwataka watu waliozoea hesabu.

Wapenzi wa Kiswahili watauliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu kwa sababu kazi hizi hufundishwa kwa Kiingereza na nyingi humalizikia mbele ya raia anayezungumza Kiswahili. Mgonjwa huuliza swali la haki: je, mionzi itabaki mwilini na kuwadhuru watoto nyumbani? Kwa mashine inayomlenga kutoka nje ya mwili, jibu ni la. Mashine ikifungwa, hakuna kinachosalia. Kwa aliyenyweshwa iodini yenye mnururisho ili kutibu saratani ya tezi ya shingoni, jibu ni tofauti kabisa: hutakiwa kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa. Mtaalamu anayeyaita yote "mionzi" na kunyamaza humrudisha mgonjwa nyumbani na hofu isiyo na sababu, au na utulivu wa hatari.

Istilahi hazikosekani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno kama kani, nishati na halijoto yamekwisha kuzoeleka vitabuni. Lakini mwanafunzi wa fizikia wa Kenya huweza kuhitimu bila kuifungua kamusi hiyo, naye mwenzake wa Kiswahili akayakariri maneno yake bila kuona yanakotumika. Vyama vya Kiswahili vyuoni huandaa makongamano ya fasihi na isimu. Kikao kimoja na wanafunzi wa fizikia, maswali ya wagonjwa yakiwa mezani, hakingegharimu zaidi ya ukumbi na chai.