Majivu Yanaila Keni ya Maziwa

Mwanzoni mwa mvua za masika mama mmoja wa darasa letu, huku upande wa Muleba, alikataliwa maziwa siku nne katika juma moja. Alikuwa akipeleka lita 12 kila asubuhi. Pale kituoni mpokeaji alichukua maziwa kidogo, akayachanganya na spiriti kwenye kikombe, yakaganda. Maziwa yakiganda hivyo, mara nyingi maana yake ni kwamba yameanza kuchacha. Hayapokelewi.

Siku ya tatu mama alimshika kijana wake, ambaye ndiye anayepeleka maziwa kwa baiskeli. Akamwambia, "Wewe unakunywa njiani, halafu unajazia maji ya mtoni." Kijana akakana. Akachapwa. Siku ya nne mama alikwenda mwenyewe kwa miguu, na keni kichwani. Maziwa yakakataliwa vilevile.

Hapo ndipo alipoileta keni darasani. Ilikuwa keni ya alumini ya lita 20, haijamaliza miaka miwili. Kwa nje iling'aa kama kioo. Tuliingiza pua ndani, tukasikia harufu ya pishi lenye unyevu. Tukachomoa ule mpira wa kifuniko, na chini yake tukakuta mstari mweusi wa ukungu. Kwenye sakafu ya keni kulikuwa na unga mweupe. Tulipoufuta, tuliona vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui.

"Waitu mwalimu," mama alisema, "mimi naisugua kwa majivu kila siku. Inang'aa kuliko ya jirani yangu."

Basi kosa lilikuwa hapo. Hebu tulieleze vizuri, maana nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zinafanya hivyohivyo.

Chuma kikilowa hupata kutu nyekundu. Kutu hiyo hubanduka, na chuma huendelea kuliwa mpaka kiishe. Alumini si hivyo. Alumini ikikutana na hewa hujifanyia ngozi nyembamba sana, ambayo hatuioni kwa macho. Ngozi hiyo huizuia isiliwe. Ukiikwaruza, hujirudishia ngozi nyingine mara moja. Ndiyo sababu keni na sufuria za alumini hudumu miaka mingi bila kupakwa rangi.

Lakini ngozi hiyo ina maadui, na adui mkubwa ni majivu. Majivu yakichanganyika na maji hutoa magadi. Maji hayo ukiyashika huteleza mkononi kama sabuni. Magadi huyeyusha ngozi ya alumini, kisha huila alumini yenyewe. Na majivu ya maganda ya ndizi ni makali kuliko majivu mengi ya kuni. Kwetu, mahali ambapo ndizi hazikosekani jikoni, hayo ndiyo yaliyo karibu na mkono.

Anayebisha na ajaribu. Chukua kifuniko kibovu cha sufuria ya alumini. Weka majivu ya maganda ya ndizi na maji ya moto, uache kwa muda. Utaona mapovu madogo yakipanda na kifuniko kikiingia weusi. Hiyo ni alumini inayoliwa.

Kwa nini basi sufuria hung'aa tukiisugua kwa majivu? Hung'aa kwa sababu tumeivua ngozi. Kung'aa siyo usafi, ingawa sisi wenyewe tulilelewa kuamini hivyo na mama zetu walitusifu. Sufuria ya ugali huoshwa na kutumika kwenye moto, kwa hiyo hasara yake ni ndogo. Keni ya maziwa ina shingo, pembe na mpira, na maziwa hukaa ndani yake saa nzima au zaidi. Kila kishimo kinachochimbwa na majivu huwa chumba cha maziwa ya jana. Brashi haifiki humo.

Wapo maadui wengine wa alumini. Chumvi huitoboa. Dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, huitoboa pia kama ni kali au ikilala ndani. Steelwool na mchanga huikwaruza. Maziwa yaliyochacha yakilala ndani usiku kucha huila polepole, maana yana asidi.

Sasa tuje kwenye ukungu, au kuvu. Mbegu za kuvu zipo hewani kila mahali, ni ndogo kuliko vumbi. Zikianguka mahali pakavu, hazifanyi kitu. Zikipata unyevu na chakula, huota. Na unyevu ndio mali ya Bukoba! Mji huo hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu ya mawingu ya Ziwa Viktoria. Keni ikifungwa ingali na maji, ndani yake huwa giza, unyevu na mabaki ya maziwa. Kuvu inataka nini tena? Pamoja na kuvu huzaliana vijidudu vingine vinavyochachusha maziwa. Baadhi yao katika maziwa ya vuguvugu huongezeka maradufu kila dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo maziwa ya mama huyu yalitoka kwa ng'ombe yakiwa mazima, yakaharibikia ndani ya keni.

Na yule kijana? Alikuwa na kosa moja tu. Akitoka kituoni aliifunga keni bila kuisuuza, akapitia kwa rafiki zake, akairudisha nyumbani jioni. Maji hakutia. Maji katika maziwa hutambuliwa kwa kipimo kingine, kile kinachoelea, kiitwacho laktomita. Mpokeaji hakulalamikia kipimo hicho hata siku moja. Tulimweleza mama jambo hili mbele ya darasa. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Namna ya kuosha ni hii. Mara baada ya kumimina maziwa, suuza keni kwa maji ya baridi au vuguvugu. Usianze na maji yanayochemka, kwani yatapika mabaki na kuyagandisha ukutani. Halafu osha kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, kwa brashi laini au dodoki. Maziwa huvuta harufu upesi, kwa hiyo sabuni yenye marashi iache kwa nguo. Chomoa mpira wa kifuniko kila siku, usugue mpira na mfereji wake. Suuza kwa maji safi mpaka utelezi uishe.

Mwisho mimina maji yanayochemka ndani, izungushe keni kwa uangalifu ili maji yafike kila upande, kisha yamwage. Usifunge kifuniko na kuitikisa, mvuke unaweza kukirusha na kukuunguza. Keni ingali ya moto, ipindue mdomo chini kwenye kichanja, kifuniko kando. Joto la keni yenyewe litaukausha upande wa ndani hata siku ya mvua isiyo na jua. Hii ndiyo sababu tunasisitiza maji yachemke kweli. Usiifute kwa kitambaa, maana kitambaa cha jikoni kina vijidudu kuliko keni.

Kichanja si jambo geni. Wazee wanakumbuka jinsi vikundi vilivyohimizana usafi wa nyumba katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kiinue kutoka ardhini na kukiweka chini ya upenu, kuku wasifike.

Ukiona gamba jeupe au la njano lisilotoka kwa sabuni, hilo ni gamba la maziwa. Kamulia ndimu katika maji ya vuguvugu, sugua dakika chache, suuza sana. Usiyalaze humo. Mpira ulioingia weusi ndani hausafishiki, nunua mwingine. Tumeona watu wakikata tyubu ya baiskeli kuwa mpira wa keni. Hiyo ina harufu na haikutengenezwa kwa chakula.

Lakini tyubu hiyo ina kazi nyingine nzuri. Alumini ikigusana na chuma kilicholowa, alumini ndiyo huliwa. Basi funika keria ya baiskeli kwa tyubu kuukuu, na kamba iwe ya mpira, si waya. Keni haitakwaruzika.

Wengine wanasema, "Tuache keni, tutumie madumu ya plastiki." La. Mdomo wa dumu ni mwembamba, mkono hauingii, na plastiki iliyokwaruzika huficha vijidudu.

Jambo moja zaidi la ukungu, ingawa haliko ndani ya keni. Pumba au mashudu yaliyoota ukungu msimpe ng'ombe. Baadhi ya kuvu hutoa sumu, na sehemu ya sumu hiyo hupita katika maziwa. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, lakini sumu hiyo haiondoki.

Keni ya yule mama ilikuwa imechimbika mno. Sasa anaitumia kubebea maji ya ng'ombe. Kwa majuma mawili aliazima keni ya jirani yake, ile isiyong'aa, na maziwa yakapokelewa. Ng'ombe wake ni wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, naye bado anadaiwa mtamba, kwa hiyo fedha ya keni mpya aliipata kwa shida. Ameinunua. Anayeiosha ni kijana.

Mkutanapo darasani juma lijalo, kila mwenye keni aje nayo. Chomoeni mipira, mtazame chini yake.