Kivuli na Utusitusi: Istilahi za Uchoraji wa Sura Kidijitali Mpakani Busia na Tororo

Mchoraji wa sura kwa njia ya kidijitali anapokwama, husemwa kuwa ameishiwa ubunifu. Mara nyingi kilichokosekana ni istilahi. (Uchovu ni jambo jingine, dawa yake ni kupumzika.)

Busia na Tororo ziko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Picha ya simu inayopigwa adhuhuri, hasa Machi au Septemba, hupata jua la utosini: pua huangusha kivuli mdomoni, na sehemu ya chini ya shavu huingia giza. Hali zote mbili huitwa "kivuli", ilhali huchorwa tofauti. Ya kwanza ina kingo kali. Ya pili hufifia polepole, na ingefaa kuitwa utusitusi, neno lililomo tayari kamusini. Mchoraji anayeweza kulitaja kosa hujua pa kuanzia: huondoa rangi abaki na kijivu, huigeuza picha kushoto kulia kwenye skrini, kisha hurekebisha kingo.

Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Bila istilahi hizi, mwanafunzi wa Tororo ataendelea kujadili uchoraji kwa Kiingereza, hata na mwenzake wa Busia.